Mifuniko iliyokaza vizuri inalegea yenyewe stoo baada ya miezi: chanzo hasa ni nini?

#1 Rafu ya Chini

Habari zenu, wadau. Nina swali kwa wote mnaosindika chakula nyumbani kwenye chupa za kioo na kujaza stoo kwa ajili ya miezi isiyo na mavuno. Mavuno yaliyopita nilisindika rojo ya nyanya yenye vitunguu kwa kuchemsha chupa ndani ya maji, na maharage nikayasindika kwa sufuria kubwa ya presha. Mifuniko yangu ni ya vipande viwili, yaani mfuniko bapa wenye mpira ukingoni pamoja na pete ya kukazia. Chupa zilipopoa, mifuniko yote ilikuwa imebonyea katikati, haikucheza nilipoibonyeza kwa kidole, na nilipoigonga kwa kijiko ilitoa mlio mwembamba unaokatika haraka.

Sasa, miezi kadhaa baadaye, chupa chache za rojo zimelegea. Ukibonyeza mfuniko unacheza, na mmoja uliinuka wenyewe nilipofungua pete. Hakuna povu, hakuna harufu, na rangi ni ileile. Maharage yaliyo kwenye rafu hiyohiyo yako salama, angalau kwa kuyatazama. Sijaonja rojo hiyo wala sina mpango wa kuionja. Ninachotaka kujua ni kitu gani hulegeza mfuniko ambao siku ya kwanza ulishika sawasawa.

#2 Mkono Mwepesi

Ulikaza pete kupita kiasi. Wakati chupa inachemka, hewa iliyo juu ya chakula lazima ipate upenyo wa kutoka chini ya mfuniko. Pete ikikazwa kwa nguvu zote za mkono, hewa hiyo hubaki ndani, ombwe (nafasi iliyotolewa hewa) linakuwa hafifu, na wakati mwingine mfuniko wenyewe hupinda. Mfuniko wa namna hiyo hupita majaribio ya siku ya kwanza kwa shida, kisha huachia baadaye. Pete hukazwa kwa ncha za vidole tu, mpaka uhisi imeanza kushika, basi.

#3 Mama Siki

Kabla hatujaenda mbali na mifuniko, tuambie kwanza kilichomo ndani ya chupa. Nyanya zina kiwango cha asidi kinachocheza karibu na mpaka wa pH 4.6 (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi imezidi), nyingine chini yake na nyingine juu yake, na huo ndio mpaka unaoamua kama chakula kinaweza kusindikwa kwa maji yanayochemka au ni lazima kiende kwenye presha. Ukiongeza vitunguu, pilipili hoho au uyoga, ambavyo havina asidi ya kutosha, unaisogeza rojo nzima upande wa hatari. Je, uliongeza asidi? Vitunguu vilikuwa kiasi gani? Na chupa zilichemka kwa dakika ngapi?

#4 Rafu ya Chini

Asanteni. Mama Siki, niliongeza juisi ya limau vijiko viwili vikubwa kwa kila chupa ya lita moja, juisi ya dukani iliyofungwa kiwandani, kwa sababu nilisoma kwamba asidi yake haibadilikibadiliki kama ya limau ulilokamua mwenyewe. Vitunguu nilitia kwa kukadiria kwa macho. Chupa zilichemka dakika 40. Mkono Mwepesi, pete sikuzikaza kwa nguvu, ila niliziacha juu ya chupa muda wote huu. Stoo yangu ni chumba kidogo kinachopakana na jiko, na mchana huwa na joto.

#5 Fundi wa Mvuke

Niruhusuni nieleze mfuniko unashikwa na nini, maana wengi hudhani ni mpira au pete. Chupa inapochemka, mvuke hujaa kwenye nafasi iliyoachwa juu ya chakula na kuisukuma hewa itoke. Chupa ikipoa, mvuke ule hugeuka maji, presha ya ndani inaporomoka, na hewa ya nje hugandamiza mfuniko kwenye mdomo wa chupa. Kwenye usawa wa bahari hewa husukuma kwa takriban kilopaskali 101, ambayo ni kama kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Mfuniko wenye kipenyo cha sentimita 6 una eneo la sentimita za mraba 28 hivi, kwa hiyo ombwe likiwa kamili mfuniko hubanwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 28. Ombwe la nyumbani halikamiliki, lakini hata nusu yake haifunguki kwa kucha.

Kwa hiyo, mfuniko ukilegea wenyewe, maana yake gesi imeongezeka ndani ya chupa, na gesi hiyo ina njia tatu tu za kupatikana. Imepenya kutoka nje kupitia ukingoni, au imetoka ndani ya chakula chenyewe, ambacho kilikuwa na hewa iliyonaswa katika nyama yake, au imetengenezwa na vijidudu vilivyobaki hai. Atakayetoa maelezo mengine hapa aseme yanaangukia njia ipi.

#6 Asali Mbichi

Mimi sioni haja ya fizikia yote hiyo. Mifuniko bapa naitumia tena na tena, naiosha vizuri tu, na stoo yangu imejaa. Mleta mada labda alinunua mifuniko mibaya.

#7 Mkaguzi Mstaafu

Ndugu Asali Mbichi, ushauri huo usiwafikie wanaoanza. Mpira wa mfuniko bapa hubonyea kufuata ukingo wa chupa ya kwanza na kubaki na mfereji wake. Ukiuweka juu ya chupa nyingine, mfereji ule haukai sawasawa na ukingo mpya. Inaweza kushika mara kadhaa, na ndiyo maana watu huendelea kufanya hivyo, lakini watengenezaji huiuza mifuniko hiyo kwa matumizi ya mara moja. Pete ndiyo hurudiwa miaka na miaka, ilimradi haijapata kutu wala kupinda.

Kuhusu swali lenyewe, miaka yote niliyofanya kazi ya ukaguzi wa vyakula tulifundishwa kufuata utaratibu mmoja: chupa iliyolegea ihesabiwe kuwa imeharibika kwanza, halafu sababu za kimakanika zitafutwe baadaye. Njia ya tatu ya Fundi wa Mvuke ndiyo iwe ya kwanza kwenye orodha.

#8 Rafu ya Chini

Nimekuelewa, mzee. Ila kama ni vijidudu, povu na harufu viko wapi?

#9 Mkaguzi Mstaafu

Swali zuri, na jibu lake ndilo linalonifanya niandike kwa urefu. Bakteria anayeitwa *Clostridium botulinum* huacha mbegu ngumu zisizokufa kwa maji ya nyuzi 100. Ndani ya chupa iliyofungwa hakuna oksijeni, na kama asidi ni ndogo, mbegu hizo huchipua na kutengeneza sumu inayoshika mishipa ya fahamu. Baadhi ya aina zake huozesha protini na kutoa uvundo, lakini nyingine hazifanyi hivyo, na chakula kinaweza kuwa na sumu bila povu, bila harufu na bila kubadilika rangi. Kwa hiyo kukosekana kwa dalili hakuthibitishi chochote.

Kuna na upande wa pili ambao watu wengi hawaujui. Wapo bakteria wanaopenda joto kali, ambao huchachusha chakula bila kutoa gesi yoyote. Mfuniko hubaki umebonyea vizuri kabisa, ukifungua unakuta chakula kimechacha. Mfuniko uliokaza unaonyesha kwamba kuna ombwe, na hauonyeshi zaidi ya hapo.

#10 Jungu la Bibi

Mimi nilikulia katika nyumba ambayo maharage na nyama vilichemshwa kwenye chupa kwa saa tatu katika pipa la maji, na hakuna aliyeugua. Nadhani tunatishana mno. Kuchemsha kwa muda mrefu kunafidia joto dogo.

#11 Kipimajoto

Jungu la Bibi, kwa heshima zote, hesabu hiyo haifanyi kazi kwa mbegu za bakteria huyu. Kwa nyuzi 121 zinahitaji takriban dakika tatu ili zipungue hadi kiwango ambacho viwanda hukikubali. Kwa nyuzi 100 zinahitaji masaa mengi sana, na hakuna anayeweza kuyahesabu kwa uhakika jikoni. Ndiyo maana nyama, maharage, karoti na mboga nyingine zisizo na asidi huenda kwenye presha ya paundi 10 kwa inchi ya mraba, ambapo joto hufika kama nyuzi 116. Nyumba yenu ilinusurika kwa kuwa si kila chupa ina mbegu zilizochipua, na huenda pia mlikuwa mkichemsha upya chakula kabla ya kula, jambo linaloharibu sumu yenyewe. Sumu ni dhaifu mbele ya joto, mbegu ndizo sugu.

Pia nirekebishe jambo moja. Mleta mada alichemsha dakika 40. Mwongozo wa Wizara ya Kilimo ya Marekani unatoa dakika 40 kwa chupa za ukubwa huo za rojo tupu ya nyanya iliyoongezwa asidi, lakini kwa wanaoishi chini ya mita 305 kutoka usawa wa bahari. Kati ya hapo na mita 914 ni dakika 45, hadi mita 1,829 ni dakika 50, na juu zaidi ni 55. Maji huchemka kwa nyuzi pungufu kadiri unavyopanda, karibu nyuzi moja kwa kila mita 300. Rafu ya Chini, uko mwinuko gani?

#12 Mama Siki

Na niongezee kwamba dakika hizo ni za rojo tupu, bila vitunguu. Mwongozo huohuo unaiweka rojo yenye vitunguu na pilipili hoho kwenye presha, dakika 20 kwa chupa za nusu lita na 25 kwa chupa za lita, tena unakataza kuongeza kiasi cha vitunguu, pilipili hoho au uyoga kuliko kile kilichopimwa. Kukadiria kwa macho kunafaa kwenye chumvi na viungo vikavu. Kwa vitunguu hakufai.

#13 Rafu ya Chini

Niko juu, zaidi ya mita 1,500. Naona sasa kwamba rojo ile haikupata muda wake hata ingekuwa tupu. Lakini swali langu bado liko pale pale, kwa sababu chupa zote zilichemka katika sufuria moja kwa muda uleule, na chache tu ndizo zimelegea.

#14 Fundi wa Mvuke

Hapo ndipo napata shaka na maelezo ya vijidudu peke yake. Rojo ikitiwa asidi ya kiasi hicho, vinavyoweza kukua ni chachu na ukungu na bakteria wachache wanaovumilia asidi, na hao karibu wote huacha alama: povu, utando juu, au michirizi ya mapovu upande wa chupa. Mimi naelekea njia ya kwanza, yaani hewa kupenya ukingoni. Mleta mada, wakati unatoa chupa kwenye sufuria, je, kuna zilizokuwa zimepoteza maji? Rojo ikipanda na kumwagika chini ya mfuniko wakati wa kuchemka, huacha chembe za nyanya kati ya mpira na kioo. Siku ya kwanza mpira laini huzizunguka chembe hizo na kushika. Chembe zikikauka na kusinyaa, unapatikana upenyo mwembamba kuliko unywele, na hewa huanza kuingia taratibu.

#15 Mkono Mwepesi

Nakubaliana na #14, na inarudi kwenye hoja yangu ya #2. Chakula humwagika kwa sababu ya nafasi ndogo juu, au pete isiyokazwa inavyopaswa, au chupa kutolewa haraka kabla presha haijatulia. Nyanya na matunda huachiwa nafasi ya sentimita 1.25 kutoka ukingoni, mboga na nyama sentimita 2.5, na jamu kama nusu sentimita tu. Futa ukingo wa chupa kwa kitambaa safi chenye unyevu kabla ya kuweka mfuniko. Kama chakula kina mafuta, lowesha kitambaa kwa siki, kwa sababu maji matupu hayaondoi mafuta.

#16 Nuru ya Ghala

Hakuna aliyegusa joto la stoo. Mleta mada amesema chumba kinapakana na jiko na mchana huwa na joto. Chakula cha chupa hutakiwa kukaa mahali pakavu, penye giza, kati ya nyuzi 10 na 21. Chumba kikipanda joto mchana na kushuka usiku kila siku, hewa iliyobaki ndani ya chupa hutanuka na kusinyaa, mfuniko hupumua juu chini, na mpira huchoka. Mimi nilikuwa na rafu mbili, moja ukutani upande wa jiko na nyingine upande wa kivuli. Zilizolegea zilikuwa za upande wa jiko.

#17 Kipimajoto

Nilipiga hesabu ya #16 kwa kuwa imenivutia. Hewa ikitoka nyuzi 10 hadi 35, presha yake hupanda kwa asilimia 9 hivi, na mvuke wa maji huongeza kilopaskali 4 au 5 juu yake. Hiyo haitoshi kuinua mfuniko wenye ombwe zuri. Inaweza kutosha kwa mfuniko wenye ombwe hafifu, hasa huko juu mita 1,500, ambako hewa ya nje inasukuma kwa takriban kilopaskali 85 badala ya 101. Kwa maneno mengine, anayesindika mwinukoni huanza na akiba ndogo ya nguvu kuliko anayesindika karibu na bahari.

#18 Nuru ya Ghala

Lakini mpira kuchoka hakuhitaji mfuniko uinuke. Unahitaji usogee kidogo tu, kila siku, kwa miezi.

#19 Mzazi wa Stoo

Na maharage je? Yamekaa rafu ileile, joto lilelile, mwinuko uleule, na hayajalegea. Maelezo yoyote ya joto au mwinuko ni lazima yaeleze maharage pia.

#20 Fundi wa Mvuke

Hoja nzito. Jibu langu ni kwamba sufuria ya presha huachwa itoe mvuke dakika 10 kabla ya kufungwa, na joto la ndani hupita nyuzi 100, kwa hiyo hewa hutoka kwenye chupa kwa nguvu zaidi na ombwe linalobaki ni kubwa kuliko la chupa zilizochemshwa majini. Maharage yalianza na akiba kubwa. Wakati huohuo, kama rojo ya nyanya ilimiminwa ikiwa vuguvugu au ilikuwa nzito na kunasa mapovu ya hewa, hewa ile hutoka pole pole na kupanda juu katika wiki zinazofuata. Kwenye vyakula vinavyopakiwa vibichi jambo hili linajulikana, na hewa hiyo iliyonaswa ndiyo inayobadilisha rangi ya chakula ndani ya miezi miwili au mitatu. Hii ndiyo njia ya pili niliyoitaja.

#21 Mwanakemia wa Jikoni

Fundi, umesema njia ni tatu tu. Ipo ya nne. Asidi ikikutana na chuma kisicho na kinga, gesi ya haidrojeni huzaliwa. Kwenye makopo ya bati yenye matunda makali jambo hili linajulikana tangu zamani, na kopo huvimba bila kijidudu hata kimoja. Mfuniko bapa umepakwa rangi ya kinga upande wa ndani. Rangi ile ikikwaruzwa kwa kisu au kwa kusuguliwa na sponji ngumu, asidi ya nyanya pamoja na limau hupata mahali pa kuanzia, huzaa gesi, na mwisho inaweza kutoboa tundu dogo sana linaloruhusu hewa kuingia. Hii inaeleza kwa nini ni nyanya na si maharage, na kwa nini ni chupa chache na si zote. Tazameni upande wa ndani wa mifuniko hiyo.

#22 Fundi wa Mvuke

Nimekubali ya nne. Ahsante.

#23 Asali Mbichi

Basi na mimi mifuniko yangu ninayoirudia ndiyo yenye mikwaruzo kuliko ya mtu yeyote hapa. Nitaikagua yote kesho. Ila nauliza: mbona Pasteur, aliyegundua usindikaji huu, hakuwa na mifuniko hii ya kisasa, na vyakula vilikaa?

#24 Mkaguzi Mstaafu

Ndugu yangu, nimefurahi kwa ukaguzi, na kwa historia naomba nikurekebishe. Aliyeanzisha usindikaji wa chupa ni Nicolas Appert, mtengeneza peremende wa Ufaransa, ambaye serikali yake ilimpa faranga 12,000 mwaka 1810 baada ya kuonyesha kwamba chakula kilichofungwa chupani na kuchemshwa hakiozi. Alitumia vizibo vya koki na nta. Hakujua sababu yake, na kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba siri ni kuondoa hewa. Ni Louis Pasteur, nusu karne baadaye, aliyeonyesha kazi ya vijidudu. Chupa yenye mdomo wa skurubu ilipewa hataza ya John Landis Mason mwaka 1858. Na bakteria tuliyemzungumzia hapo juu alitambuliwa na Émile van Ermengem kule Ubelgiji katika miaka ya 1890, baada ya watu kuugua kwa kula nyama ya nguruwe iliyohifadhiwa. Kwa hiyo watu walisindika karibu karne nzima kabla ya kumjua adui mkubwa kuliko wote.

#25 Mzazi wa Stoo

Asali Mbichi, ukimaliza ukaguzi tuletee hesabu ya ulizozitupa. Tutakupa cheo cha mkaguzi msaidizi.

#26 Mama Siki

Turudi kwenye pete, kwa sababu mleta mada alisema aliziacha juu ya chupa. Pete iondolewe siku inayofuata, baada ya saa 12 hadi 24, chupa ioshwe, ikaushwe, na iwekwe stoo ikiwa na mfuniko bapa peke yake. Pete inayobaki hushika maji na kuleta kutu, lakini kibaya zaidi ni kwamba huficha ukweli. Mfuniko uliokwisha kuachia hubaki umekaa kana kwamba umeshika, na huwezi kujua kama ulilegea wiki iliyopita au mwezi wa kwanza. Kwa pete zilizobaki, Rafu ya Chini hawezi hata kutuambia chupa zile zililegea lini, na hilo linaharibu nusu ya mjadala huu.

Wanaopanga chupa moja juu ya nyingine nao waache. Uzito wa chupa ya juu huweza kusogeza mfuniko wa chini, au kuubana mfuniko ulioachia usionekane.

#27 Jungu la Bibi

Nimewasoma wote na nimekubali kuhusu maharage na nyama. Swali langu ni la stoo kwa ujumla: kama kuna mashaka yote haya, si afadhali kukausha maharage na kuyaweka kwenye chupa bila maji? Nimeona watu wakiyapasha moto kwenye oveni ndani ya chupa, kisha wanafunga.

#28 Kipimajoto

Kukausha ni sawa kabisa, oveni ndiyo tatizo. Hewa kavu hupitisha joto vibaya, chupa hazikutengenezwa kwa joto la namna hiyo na zinaweza kupasuka, na joto hilo haliui mbegu za bakteria zilizo kwenye nafaka. Nafaka na maharage makavu hayahitaji kusindikwa. Yanahitaji ukavu halisi, chombo kisichoingiza wadudu, na ubaridi. Ukitaka kuondoa oksijeni kwenye chombo, hakikisha chakula kina unyevu chini ya asilimia 10, kwa sababu unyevu bila oksijeni ni mazingira yaleyale ya bakteria tuliyemjadili. Maharage makavu yaliyokaa kwenye joto na unyevu kwa muda mrefu nayo huwa magumu, unayachemsha siku nzima hayaivi.

#29 Nuru ya Ghala

Kwangu naweka vyote viwili. Maharage makavu ni akiba ya muda mrefu, ya chupa ni ya siku ambayo hakuna muda wala kuni za kuchemsha. Kila chupa ina lebo ya jina la chakula, tarehe na namba ya mpiko. Namba ya mpiko ni muhimu, kwa sababu chupa moja ikiharibika unazijua dada zake zote. Mpya huingia nyuma, ya zamani husogea mbele, na ninachosindika ninakusudia kiishe ndani ya mwaka, maana baada ya hapo ladha na virutubisho hupungua hata kama chakula ni salama.

#30 Rafu ya Chini

Nashukuru kwa kila mchango. Kabla sijagusa kitu, naomba utaratibu salama wa kuziondoa zilizolegea, maana nyumbani kuna watoto.

#31 Mkaguzi Mstaafu

Vaa glavu. Laza chupa na mifuniko yake ndani ya sufuria kubwa, mimina maji pole pole bila kurusha matone mpaka yazifunike kwa sentimita 2.5 au zaidi, funika, kisha chemsha kwa dakika 30 tangu maji yaanze kutokota. Yakipoa, tupa chakula pamoja na mifuniko, mahali ambapo mtu wala mnyama hafiki. Kama kuna tone lililoanguka mezani, lifunike kwa mchanganyiko wa sehemu moja ya dawa ya klorini ya kufulia na sehemu tano za maji, uache dakika 30, ndipo ufute kwa karatasi na kuitupa. Usionje hata kwa ncha ya ulimi. Mtu akila chakula chenye sumu hiyo, dalili mara nyingi huanza kati ya saa 12 na 36: macho kuona vitu viwili viwili, kope kulegea, ulimi kuwa mzito, shida ya kumeza, kisha shida ya kupumua. Akifikia hapo ni hospitali mara moja, na daktari aambiwe kilicholiwa, kwa sababu dawa ya kuzuia sumu ipo na hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa mapema.

#32 Rafu ya Chini

Nimefanya kama alivyoelekeza mzee. Baada ya kuchemsha nilikagua mifuniko kabla ya kuitupa. Miwili ina vidoa vya kahawia upande wa ndani, na katikati ya kimoja rangi ya kinga imebanduka. Mmoja una ukoko wa nyanya kwenye mpira, upande mmoja tu. Mingine iliyobaki ni safi kabisa, sioni kasoro yoyote kwenye mpira wala kwenye mdomo wa chupa.

#33 Mwanakemia wa Jikoni

Vidoa hivyo ndivyo nilivyovitarajia.

#34 Fundi wa Mvuke

Ukoko wa upande mmoja nao ndio nilioutarajia. Ila dakika 30 za maji yanayochemka zinaweza kubandua rangi iliyokuwa nzima na kuleta vidoa vipya, hivyo ushahidi wa vidoa si imara kama unavyoonekana.

#35 Mwanakemia wa Jikoni

Na maji hayohayo yangeweza kuyeyusha ukoko kwenye mifuniko mingine ikaonekana safi. Tuko sawa kwa sawa.

#36 Mkaguzi Mstaafu

Mnasahau ile iliyo safi, ambayo ndiyo mingi. Mfuniko safi, mpira mzima, ukingo mzima, na bado umelegea: kwangu mimi hiyo inarudisha shaka kwenye chakula chenyewe, chenye vitunguu visivyopimwa na dakika pungufu kwa mwinuko huo.

#37 Nuru ya Ghala

Au kwenye joto la ukuta wa jiko.

#38 Mama Siki

Mabishano yaendelee, lakini zipo chupa za mpiko uleule ambazo bado zimeshika. Rafu ya Chini, hizo nazo zilipikwa kwa vitunguu vilevile na kwa dakika zilezile, kwa hiyo kushika kwa mfuniko kusikufanye uziweke mezani. Zipitishe kwenye sufuria ya mzee na uzitupe. Rojo inayofuata ama ipike tupu, uongeze asidi na uchemshe dakika 50, ama fuata kipimo kilichoandikwa cha rojo yenye vitunguu na uitie kwenye presha, na kwa mwinuko wako presha iwe paundi 15 kama sufuria yako ni ya jiwe la uzito.

#39 Rafu ya Chini

Sufuria yangu ni ya saa ya kupimia presha, haina jiwe.

#40 Mama Siki

Basi paundi 12 hadi mita 1,219, na 13 kutoka hapo hadi mita 1,829. Saa hiyo ipimwe usahihi wake kila mwaka kabla ya mavuno.

#41 Rafu ya Chini

Nimeelewa. Chupa zilizobaki za mpiko ule nazichemsha leo jioni, na za mavuno haya nitazipanga bila pete, nusu ukuta wa jiko na nusu upande wa kivuli, zote za rojo tupu na zote kwa mifuniko mipya, ili tuone kama joto lina mkono wake.

#42 Kipimajoto

Weka kipimajoto kila upande na uandike joto la asubuhi na la mchana, vinginevyo tutarudi hapa kubishana upya.